Ng'ombe Hawalali Zizi Moja

Sijawahi kuingia nyumba ya kuishi yenye kiyoyozi Mbulu. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai watu hushinda na makoti mchana kutwa. Kwa hiyo nikienda likizo na wazee wakaniuliza ninafanya kazi gani Dar es Salaam, jibu langu huleta kicheko. Mimi ni fundi wa AC. Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo ya babu, aliwahi kuniuliza: "Yaani watu wanakulipa uwapelekee baridi? Si ungekuja na gunia ukachota hapa bure?"

Nilimweleza kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chumbani na kwenda kulimwaga nje. Gesi inazunguka ndani ya mabomba ya shaba. Ikifika kwenye koili ya ndani inanyonya joto la chumba mpaka inageuka mvuke, kompresa inaubana mvuke huo hadi unapanda moto, kisha feni ya nje inalipuliza joto lote barabarani. Ndiyo maana ukipita nyuma ya ghorofa la ofisi Kariakoo unapigwa na upepo wa moto usoni. Lile ni joto la watu wa ndani, wamekuhamishia wewe uliye nje. Mzee alifikiri kidogo akasema, "Basi hiyo si kazi ya baridi. Ni kazi ya kuhamisha." Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo, hata darasani.

Kazi hii imenifundisha mpangilio. Mteja anapiga simu: "Fundi, AC inapuliza upepo mtupu, njoo na gesi." Sianzi na gesi. Naanza na rimoti, maana mara nyingi mtoto ameiacha kwenye feni tu. Halafu chujio: vumbi la mwaka mzima limeganda kama blanketi na hewa haipiti. Halafu kifaa cha nje, kama hakijafunikwa na majani au nguo za kuanika. Feni ya nje ikiguna bila kuzunguka, namshuku kapasita, kidude cha bei ndogo ambacho hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, kwa hiyo asiyejua asikiguse. Maji yakidondokea kitandani, mrija wa kuyatoa nje umeziba. Bomba likivaa barafu, ama hewa haipiti ama gesi imepungua.

Na gesi ikipungua, kuna tundu. Hili wateja wengi hawapendi kulisikia. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli kwenye bodaboda. Ni ileile inayozunguka miaka yote. Fundi anayekuongezea gesi kila Januari bila kutafuta inapovujia anakuuzia gesi, hakutengenezei kiyoyozi. Na gesi ya zamani ya R22 ikivuja haipotei bure: inapanda juu kuharibu tabaka la ozoni, ndiyo sababu Mkataba wa Montreal, uliotiwa saini mwaka 1987 na kurekebishwa baadaye, unaiondoa sokoni hatua kwa hatua.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo macho niliyoyatumia nilipopewa kazi nyingine, isiyo na malipo: kutunza kumbukumbu za ukoo wetu.

Babu yangu alikuwa msemaji wa slufay. Kwa asiyejua, slufay ni dua ya Wairaqw inayosemwa kama ushairi. Wazee wamekaa, pombe ya kienyeji imewekwa katikati, mmoja anasema na waliobaki wanaitikia. Anaombea mvua, ng'ombe, watoto, njia wanazopita vijana. Haiandikwi. Kila msemaji anaisuka upya kwa maneno aliyorithi, na anayemkatiza ni yule tu anayeitikia. Mwaka 2016 nilianza kumrekodi kwa simu. Alipofariki mwaka 2019 nilikuwa na rekodi 43, nyingine za saa nzima, nyingine za dakika mbili ambapo unasikia zaidi kuku kuliko babu.

Simu ikaanza kulalamika kwamba nafasi imejaa. Ushauri nilioupata kwa marafiki ulikuwa ule wa gesi: nunua memori kadi kubwa zaidi, au lipia nafasi ya mtandaoni kila mwezi. Nikafanya nifanyavyo kwa mteja. Nini kimejaza? Nikakuta rekodi za babu zilikuwa sehemu ndogo sana. Kilichojaza ni video za asubuhi njema kutoka magrupu ya WhatsApp, video ileile ya harusi iliyotumwa na watu sita, na picha 900 za skrini ambazo hakuna anayezihitaji. Lile lilikuwa chujio lenye vumbi. Nilipolisafisha, memori kadi ileile ilitosha kwa mwaka mwingine.

Kisha ikaja shida ya majina. Kiiraqw huandikwa kwa herufi za kawaida, lakini sauti moja ya kooni, ile inayofanana na ain ya Kiarabu, huandikwa kwa mkwaju, ule mstari ulioinama. Kompyuta haikubali mkwaju ndani ya jina la faili, kwa kuwa kwake mkwaju ni alama ya kutenganisha folda. Ukitaka kuandika jina la faili kwa lugha ya babu, mashine inadhani unaigawa folda. Dada yangu, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyepata njia: tutumie namba 3, kama Waarabu wanavyofanya wakiandikiana meseji kwa herufi za Kilatini. Sauti ileile, dawa ileile. Tukaongeza tarehe mwanzoni, mahali, na nani aliitikia. Kazi hiyo ilichukua likizo nzima ya Krismasi, na nathubutu kusema ni muhimu kuliko kifaa chochote tulichonunua. Faili lisilo na jina ni mtu aliyekufa njiani bila kitambulisho.

Baada ya majina, swali likawa mahali. Tulinunua kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi na diski mbili, tukaamua zikae nyumbani Mbulu. Diski adui yake ni joto na vumbi, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Ukitaka baridi huko unailipia kwa kila yuniti ya umeme. Nikamkumbuka mzee wa gunia. Mbulu baridi ni ya bure.

Lakini baridi ya Mbulu ina mahali pake. Kaka yangu aliipachika mashine juu ya kabati la sebuleni, karibu na dari, ili watoto wasiifikie. Nyumba yetu ya sasa ni ya matofali na bati. Usiku ni friji. Saa saba mchana wa Oktoba, jua likipiga bati, kule juu panakuwa tanuri. Kuna programu inayosoma joto la diski. Nilipoifungua nikiwa Dar ilionyesha nyuzi 54. Watengenezaji wengi wa diski za kawaida huweka mwisho kwenye nyuzi 60. Usiku ilishuka hadi 22. Kupanda na kushuka namna hiyo kila siku kunachosha chuma, kunaleta na umande.

Nyuma ya nyumba ya bati kuna chumba kilichobaki cha tembe la babu. Nyumba za zamani za Wairaqw zilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, nusu yake ndani ya ardhi, paa ni la nguzo lililoshindiliwa udongo. Ukiwa mbali huoni nyumba, unaona kilima. Wazee husimulia kwamba ilikuwa hivyo kwa ajili ya kujificha na wavamizi waliokuja kuchukua ng'ombe. Ng'ombe nao walilala ndani, pamoja na watu. Mimi niliyesomea joto naiona na sababu ya pili. Udongo mnene hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Jua la mchana linapofika ndani, tayari ni usiku. Baridi ya alfajiri inapofika, jua limeshatoka. Hakuna kompresa, hakuna kapasita, hakuna gesi ya kuvuja.

Tukaihamishia mashine huko, kwenye chumba ambacho mama alikuwa akihifadhia mahindi. Joto la diski likatulia kati ya nyuzi 28 na 31, mchana na usiku. Shida mpya zikaja, kama kawaida ya ukarabati. Panya walipenda waya. Vumbi la paa lilidondoka. Unyevu ulipanda wakati wa masika. Kaka akachonga sanduku la mbao lenye wavu wa chuma pande mbili ili hewa ipite na panya wasipite, tukaliinua kwa mawe matatu, tukaliwekea kipande cha turubai juu, bila kugusa. Umeme wa gridi hupanda na kushuka, kwa hiyo mashine inakula kutoka kwenye betri ya sola. Kila mwezi mdogo wetu anasafisha wavu kwa brashi ya rangi. Kazi hiyo haina ushujaa wowote, na ndiyo inayofanya mambo yaende.

Rafiki yangu mmoja wa Dar alipoona picha ya sanduku lile alitania kwamba tungelipandisha hadi kilele cha Mlima Hanang, kwenye baridi kamili. Nikamwambia haingewezekana, na si kwa sababu ya kubeba. Ndani ya diski ya kawaida kichwa cha kusomea huelea juu ya tabaka jembamba la hewa. Hewa ikiwa nyepesi mno kichwa kinashuka na kukwangua. Diski nyingi zimeandikiwa mwisho wa mita 3,000 na kidogo. Kilele cha Hanang kina mita 3,417. Mlima ule ulikuja kutugusa kwa njia nyingine.

Kabla sijafika huko, niseme kuhusu ng'ombe. Irqwar Da'aw, nchi ya asili ya Wairaqw kwenye milima ya Mbulu, ni ndogo na mashamba yake yamebanana. Zamani mtu mwenye ng'ombe kumi hakuwaweka wote kwake. Wawili walikaa kwa shemeji, watatu kwa rafiki aliyeko tambarare kwenye majani, waliobaki nyumbani. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi. Mwenye mali anabaki mwenye mali, na kila mmoja anajua ng'ombe yupi ni wa nani. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haujaingia yote. Wezi wakija usiku, hawajachukua ukoo mzima. Na jirani mwenye kijicho hawezi kuhesabu utajiri wako.

Watu wa kompyuta wana kanuni inayofanana. Ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: uwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Nilipomweleza baba, alisema hiyo si habari mpya. "Ng'ombe hawalali zizi moja," akasema, akaendelea kunoa panga.

Tukagawa. Zizi la kwanza tembe la Mbulu. La pili diski ninayokaa nayo Dar. La tatu lilikuwa Katesh, wilayani Hanang, kwa mama mdogo: flashi mbili kwenye kopo la biskuti. Kila Krismasi ukoo ukikutana, ninakusanya simu za kila mtu, nanakili picha na sauti zote, halafu nagawa upya kwenye mazizi matatu. Watu walinizoea. Walikuwa wananipa simu kama wanavyompa mtoto vyombo vya kuosha.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yalishuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nchi nzima iliona zile picha: magari yamezikwa hadi vioo, nyumba zimejaa hadi madirishani, watu wakichimba kwa koleo na kwa mikono.

Mama mdogo hakuwepo. Alikuwa Babati kwa binti yake aliyejifungua. Jirani aliyemwachia ufunguo hakupona. Alipofika Katesh siku ya nne, alikuta kuta mbili na tope lililoanza kukauka. Kabati halikuwepo. Kopo la biskuti halikuwepo. Vyeti, kadi ya kliniki, albamu ya harusi, simu ya zamani ya marehemu mumewe aliyoihifadhi kwenye droo, vyote vilikwenda. Mumewe alikufa mwaka 2020. Mazishi, aliniambia baadaye, alikuwa ameyamaliza. Siku ile aliona kama anamzika tena, na safari hii bila sura.

Wiki mbili zilipita kabla hajaniuliza. Hakuuliza kwa simu. Alisubiri nifike Mbulu kwa Krismasi, tukaketi jikoni, akaanza na salamu ndefu, kazi, joto la Dar, mchumba. Mwishoni akasema, akiangalia moto: "Mwanangu, kwenye yale makasha yako, baba yako mdogo yumo?"

Yumo. Niliingia kwenye tembe, nikatoka na kompyuta mpakato. Tuliona picha 112 ambamo yumo, nyingine amekatwa nusu, nyingine ni mgongo tu akichinja mbuzi. Alizipita taratibu. Kisha tukafungua sauti. Katika zile za Krismasi ya 2018 kuna ujumbe wa sekunde 14 uliotoka kwenye simu ya mama mdogo mwenyewe: mumewe anamgombeza kwa Kiiraqw kwamba ameacha lango wazi na mbuzi wameingia kwenye mboga za jirani, na sasa atalipa nani. Alicheka kwanza. Akaniomba nirudie. Akaniomba nirudie tena. Mara ya tano alijibu kwa sauti, kama anavyojibu mwitikiaji wa slufay: kwamba lango aliliacha yeye mwenyewe.

Mimi nilitoka nje kuangalia wavu wa sanduku, ambao haukuwa na shida.

Baada ya hapo ukoo uliacha kuniona kama mtu mwenye mchezo wa mashine. Na ulipoacha, yakaja maswali magumu kuliko ya joto. Binamu yangu alitaka rekodi zote za babu ziende YouTube, dunia isikie. Wazee walikaa. Walikubali slufay ziende, kwa hoja ambayo sikuitarajia: slufay husemwa ili iitikiwe, na aliye mbali naye anaweza kuitikia. Lakini kuna rekodi moja ambayo babu anaeleza mpaka wa shamba, nani alimpa nani, mwaka gani, na kwa nini ndugu wawili hawakusalimiana hadi kufa. Hiyo, walisema, isitoke. Ina neno la siri, wanalijua watu wawili, baba na shangazi, na mimi simo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na ni vizuri ipo, lakini hakuna sheria itakayokuambia sauti ya babu yako ikomee wapi. Hilo mnaamua mkiwa mmekaa. Ukiweka kila kitu kwenye seva ya kampuni iliyoko ng'ambo, unakuwa umekubali uamuzi kabla ya kikao.

Sisemi watu waache huduma za mtandaoni. Nazitumia, kama zizi la nne. Lakini Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Tanzania na nchi za jirani. Kile tunachokiita wingu kilikuwa, kumbe, waya baharini. Siku ile mdogo wangu alikuwa kwenye tembe akimchezea baba rekodi ya mwaka 2017, na hawakujua kwamba kuna kilichokatika mpaka nilipowaambia.

Sasa zizi la Katesh limehamia Babati, anakokaa mama mdogo na binti yake. Nilitaka kumpa diski nzuri yenye kasha la mpira. Alikataa. Alitaka flashi, kwa sababu redio yake ina tundu la flashi na diski ingemhitaji mtu mwenye kompyuta. Ana haki. Nakala ambayo mwenyewe hawezi kuifungua ni ya fundi, si yake. Na nakala ambayo haifunguliwi kamwe huwezi kujua kama bado ni hai. Flashi hufa kimya, haigunii kama feni. Kwa hiyo tuna utaratibu. Nampigia kila mwisho wa mwezi, na baada ya salamu namwuliza: "Inasoma?"

"Inasoma, mwanangu. Jana nimemsikiliza babu yako asubuhi nikichambua maharage. Yule mwingine namwacha mpaka jioni, watoto wakilala, maana anagomba sana."